Tathmini ya mashine za Crypto AG: kifaa kilichomtumikia mwingine

Vifaa vinavyopimwa hapa haviuzwi tena, na hata vilipokuwa vikiuzwa havikuwahi kukaa kwenye rafu ya duka lolote. Ni mashine za kusimba mawasiliano, yaani za kuyageuza maandishi ya kawaida kuwa msururu wa herufi zisizosomeka mpaka zimfikie mwenye ufunguo, zilizotengenezwa na kampuni ya Crypto AG ya Uswisi na kununuliwa na serikali za nchi zaidi ya 120 kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa karne hii. Wizara za mambo ya nje zilizitumia kuwaandikia mabalozi wao, majeshi yalipitisha amri humo, na Vatikani nayo ilikuwa miongoni mwa wateja. Nimeona zinastahili tathmini ya kawaida ya mnunuzi, kwa vigezo vilevile ambavyo mtu angepimia jokofu au pikipiki, kwa sababu maandishi mengi yanayozihusu huanzia kwa majasusi na kumsahau aliyelipa.

Wafuatiliaji wa siasa za kimataifa hupenda kujiuliza kama uthubutu wa Marekani mbele ya mataifa mengine unatokana na teknolojia fulani iliyofichwa, na wengi huielekeza dhana hiyo kwenye jangwa la Nevada, kwenye ndege zisizotajwa na mitambo ambayo hakuna aliyeiona. Mfano wenye ushahidi ni huu wa Crypto AG, uliobaki kuwa uvumi kwa miongo kadhaa hadi tarehe 11 Februari 2020, siku ambayo gazeti la Washington Post na vituo vya televisheni vya ZDF cha Ujerumani na SRF cha Uswisi vilitoa habari zilizotokana na historia za ndani za CIA na za BND, idara ya ujasusi ya Ujerumani. Teknolojia ya siri ilikuwapo kweli. Ilikaa juu ya meza ya mteja, imefungwa kwa skrubu za Kiswisi, na mteja alikuwa na stakabadhi yake.

Nianze na umbo, maana hapo sifa ni za haki. Mwanzilishi wa kampuni, Boris Hagelin, alikuwa raia wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1892 katika eneo ambalo leo ni Azerbaijan, na jina lake lilijengwa na mashine iliyotangulia kampuni yenyewe, M-209, ambayo aliipeleka Marekani mwaka 1940 wakati vita vikisambaa Ulaya. Jeshi la Marekani liliipenda kiasi kwamba takriban mashine 140,000 zilitengenezwa katika kiwanda cha taipureta cha Smith Corona, jimbo la New York. Niliwahi kuizungusha moja iliyo mikononi mwa mkusanyaji wa vitu vya kale, na nakiri kwamba ni mara chache nimeshika chombo kilichofikiriwa vizuri namna ile. Ukubwa wake ni wa kopo la chakula cha mchana, uzito wake ni kama kilo tatu, nacho hakihitaji umeme wala betri. Ndani mna magurudumu sita yenye herufi 26, 25, 23, 21, 19 na 17, na kwa kuwa hesabu hizo hazina kigawo kimoja kinachozishirikisha, magurudumu hayarudi pale yalipoanzia mpaka yamepiga hatua 101,405,850. Nyuma yake kuna ngoma ya vyuma 27 inayozunguka kwa sauti ya cherehani iliyotiwa mafuta.

Kuitumia ni rahisi. Mtumiaji huchagua herufi kwa kuzungusha kishikio cha upande wa kushoto, hugeuza mkono ulio kulia, na mashine huchapa herufi ya siri kwenye utepe mwembamba wa karatasi, ikiyatenga maandishi yenyewe katika makundi ya herufi tano. Mpokeaji aliyepanga mashine yake vilevile hufanya kazi ileile na kupata maandishi ya awali. Kasoro ndogo ambayo msomaji wa Kiswahili ataiona mapema kuliko Mmarekani ni kwamba herufi Z hutumika kuonyesha nafasi kati ya maneno, hivyo inapochapwa upande wa pili huachwa wazi: waziri hutoka akiwa WA IRI, na balozi hutoka akiwa BALO I. Mtu huzoea.

Kuhusu usalama, M-209 ilikuwa bidhaa ya kweli yenye mipaka inayojulikana. Kufikia mwaka 1943 Wajerumani waliweza kusoma baadhi ya ujumbe wake, hasa pale askari wawili walipoanzia kwenye mpangilio mmoja wa magurudumu, na jeshi la Marekani lilijua hivyo likaendelea kuitumia kwa habari ambazo baada ya saa chache zisingemfaa adui. Mnunuzi anayeelewa kwamba kufuli lake litamchelewesha mwizi kwa saa sita tu hajadanganywa. Udanganyifu ulianza baadaye, ulipoamuliwa kwamba wanunuzi wengine hawatakiwi kujua kufuli lao litachukua muda gani.

Hagelin alihamia Uswisi baada ya vita, na Crypto AG ikasajiliwa Zug mwaka 1952. Mwaka mmoja kabla, katika klabu ya Cosmos mjini Washington, alikula chakula cha jioni na rafiki yake William Friedman, bingwa wa kuvunja misimbo wa serikali ya Marekani, ambaye kama yeye alizaliwa katika himaya ya Urusi, na wawili hao wakakubaliana kwa kupeana mikono tu. Mashine bora zingeuzwa kwa nchi zilizoidhinishwa na Marekani; nchi nyingine zingepewa matoleo ya zamani na dhaifu zaidi, na Hagelin angefidiwa hadi dola 700,000 kwa mauzo atakayoyapoteza. Fedha zilichelewa, lakini mwaka 1960 CIA ilimlipa dola 855,000 ili aendelee kushika ahadi, na juu yake dola 70,000 kila mwaka. Kwa lugha ya biashara, huo ndio mwanzo wa bidhaa moja kuwa na madaraja mawili huku mteja wa daraja la pili akielezwa kwamba yuko la kwanza.

Katika kipindi cha magurudumu na vyuma, udhaifu ulitegemea zaidi nani anauziwa toleo gani na kitabu cha maelekezo kinamwambia nini. Saketi za elektroniki zilipoingia, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 kampuni ilitoa H-460, mashine ya kielektroniki kabisa, ambayo sehemu zake za ndani zilibuniwa na NSA, shirika la Marekani linalosikiliza mawasiliano ya dunia. Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu wanaolisikia mara ya kwanza hudhani mashine zilikuwa na redio ndogo iliyofichwa, inayotuma nakala Washington. Hazikuwa nayo, na fundi ambaye angefungua kifuniko na kutafuta waya wa ziada asingepata kitu. Kasoro ilikuwa katika kanuni ya hesabu inayozalisha msururu wa herufi za ufunguo: msururu ulionekana wa nasibu kwa mtazamaji wa kawaida, ilhali ulikuwa na mpangilio ambao mjuzi aliyeujua aliweza kuutumia. Kazi ambayo ingechukua miezi ilikwisha wakati mwingine kwa sekunde. Kama kasoro ya utengenezaji, sijapata kuona iliyofichwa kwa ustadi zaidi; kufuli lilikuwa zima, funguo zilikuwa halisi, na mwenye nyumba alilala usingizi mzuri.

Umiliki nitaupitia haraka, ingawa ndio unaopendwa na magazeti. Mwaka 1970 CIA na BND ziliinunua kampuni yote kwa dola milioni 5.75, zikaficha majina yao nyuma ya ofisi ya mawakili nchini Liechtenstein, na operesheni hiyo ikaitwa Thesaurus, kisha Rubicon. Mauzo yalipanda kutoka faranga za Uswisi milioni 15 mwaka 1970 hadi zaidi ya milioni 51 mwaka 1975, na faida iligawanywa kila mwaka, Wajerumani wakiwakabidhi Wamarekani fungu lao taslimu katika maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Kadiri mteja alivyoiamini bidhaa, ndivyo alivyolipia zaidi gharama za kusomwa.

Ninapopenda kukaa ni kwenye huduma baada ya mauzo, kwa kuwa huko ndiko tabia ya kampuni hujulikana. Mteja wa Crypto AG alihudumiwa vizuri kupita kiasi. Mafundi walisafiri, wateja walifundishwa Uswisi, na wauzaji walibeba saa za Rolex za kuwazawadia maofisa wa Saudia. Tatizo lilitokea pale fundi alipofanya kazi yake kwa uaminifu. Peter Frutiger, mhandisi wa kampuni, alikwenda Damascus baada ya Wasiria kulalamikia mashine zao, akazirekebisha bila kuomba kibali cha makao makuu, na mwaka 1977 akafukuzwa kazi. Soma sentensi hiyo tena kwa jicho la mnunuzi: mtu alifukuzwa kwa sababu aliitengeneza bidhaa ikafanya kazi.

Mwaka uliofuata kampuni iliajiri mhandisi wa umeme aitwaye Mengia Caflisch, uajiri ambao NSA iliuona hatari tangu mwanzo, kwa kuwa mwanamke huyo alikuwa na akili mno kiasi cha kutoweza kuachwa gizani kwa muda mrefu. Yeye na mwenzake waliichunguza mashine ya HC-570 wakagundua kwamba herufi 100 tu za ujumbe, zikilinganishwa na maandishi yake ya wazi, zilitosha kuivunja. Kisha akabuni kanuni mpya imara, na mashine 50 za HC-740 zikatoka kiwandani nayo kabla wakuu hawajashtuka na kuisimamisha. Hizo 50 ziliuzwa kwa mabenki ili zisifike mikononi mwa serikali. Katika orodha yote ya bidhaa za kampuni hii, hizo ndizo ambazo ningempendekezea mtu bila wasiwasi, na ndizo ambazo wenye kampuni walizionea aibu.

Argentina ilikuwa mteja, na baada ya vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982 maofisa wake walianza kushuku kwamba Uingereza ilikuwa ikisaidiwa na Marekani kuwasoma. Kampuni ilimtuma Buenos Aires mwanahisabati wake Kjell-Ove Widman, ambaye aliwaambia kwamba huenda kifaa kimoja kilichopitwa na wakati cha kuvuruga sauti kimevunjwa, lakini mashine yao kuu, CAG 500, haivunjiki. Waliridhika wakaendelea kununua. Anayetafuta mfano wa jinsi malalamiko ya mteja yanavyozimwa kwa kukubali kosa dogo ili kulinda kubwa hatapata ulio safi kuliko huo.

Aliyelipa bei kubwa alikuwa muuzaji Hans Bühler, aliyekamatwa Tehran mwezi Machi 1992 na kuzuiliwa miezi tisa huku akihojiwa juu ya siri ambayo hakuwa nayo, kwa sababu kampuni haikuwahi kumwambia anachouza. Alitolewa kwa dola milioni moja, kisha kampuni ikamwachisha kazi, naye akaanza kuzungumza. BND iliona hatari imezidi ikauza hisa zake mwaka 1993 kwa dola milioni 17, na CIA ikabaki peke yake hadi mwaka 2018 kampuni ilipogawanywa na kuuzwa. Uchunguzi wa bunge la Uswisi uliotangazwa mwezi Novemba 2020 ulikuta kwamba idara ya ujasusi ya nchi hiyo ilijua jambo hili tangu mwaka 1993. Muhuri wa Uswisi, kwa hiyo, ulikuwa sehemu ya bidhaa kuliko hata magurudumu.

Sasa swali la sera za nje, ambalo ndilo huwavutia wengi. Mwaka 1978, rais wa Misri Anwar Sadat alipokuwa Camp David akijadiliana na Israel mbele ya Rais Jimmy Carter wa Marekani, NSA ilikuwa ikisoma mawasiliano yake na Cairo. Wanadiplomasia wa Marekani waliposhikwa mateka Tehran kuanzia mwaka 1979, mkuu wa NSA, Bobby Inman, aliweza kujibu maswali ya Carter kuhusu mawazo ya Wairani kwa takriban asilimia 85 ya mara alizoulizwa. Katika vita vya Iran na Iraq, ujumbe wa Iran zaidi ya 19,000 ulinaswa, na sehemu kubwa ikasomeka. Mwaka 1986 klabu ya La Belle mjini Berlin ililipuliwa, na Rais Ronald Reagan alipotangaza mashambulizi dhidi ya Libya alieleza hadharani, kwa yakini isiyo ya kawaida, maagizo yaliyokuwa yametoka Tripoli kwenda kwa ubalozi wa Libya Berlin Mashariki. Kufikia miaka hiyo ya 1980, takriban asilimia 40 ya mawasiliano ya kigeni yaliyosimbuliwa na NSA yalitoka katika mashine hizi.

Hata hivyo, ninasita kuwafuata wanaosema kwamba mashine ziliendesha sera. Carter alijua mengi ya Tehran, na bado mateka walikaa siku 444 na uchaguzi akaushindwa. Kusoma barua ya mwenzako hukupa nafasi ya kupanga maneno yako kabla hajafungua kinywa. Hakukupi lengo ambalo huna, wala hakumgeuzi mtu aliyeamua kutokubali. Ushawishi ninaouona ulikuwa wa aina nyingine. Serikali iliyozoea kuona karata za wenzake hupoteza subira na mazungumzo ambayo hayana karata za kuchungulia, na hupata ugumu wa kueleza hadharani inachokijua bila kufichua ilivyokijua. Tangazo la Reagan lilikuwa kosa la aina hiyo, na Wairani, ambao nao walikuwa wateja, walilisikia.

Dalili kwa mnunuzi, basi, hazikuwa ndani ya kasha, bali katika mienendo ya nchi ya tatu. Urusi ya Kisovieti na China hazikununua kabisa, kwa sababu zilitia shaka uhusiano wa kampuni na nchi za Magharibi. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligundua, lakini hapa methali inahitaji uangalifu: waliokuwa na wanahisabati wa kutosha walijitengenezea mashine zao, na waliobaki hawakuwa wajinga, walikuwa nchi zilizokosa idara ya kupima kanuni ya hesabu, zikalazimika kupima sifa ya muuzaji. Hata washirika wa NATO kama Ugiriki, Uturuki na Hispania waliuziwa mashine zilizochezewa, jambo lililowashangaza Wajerumani waliokuwa wabia katika mpango wenyewe. Mwaka 1995 gazeti la Baltimore Sun liliandika wazi kwamba NSA ilikuwa imezivuruga mashine za kampuni hii, na bado mauzo yaliendelea.

Orodha ya wateja iliyotolewa mwaka 2020 iliwagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa imo Tanzania, imo Zaire ya wakati ule, na ng'ambo ya bahari imo Oman. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia mwaka 1963, mji ambamo harakati za kusini mwa Afrika zilikuwa na ofisi zake, na Afrika Kusini ya makaburu nayo imo katika orodha hiyohiyo. Tuliokulia katika nyumba ambamo redio ilizimwa habari za vita vya ukombozi zilipokwisha, ili wazee wazijadili kwa sauti ya chini, tunapata ladha ya pekee tunaposoma kwamba pande zote mbili za mpaka zilinunua kwa muuzaji mmoja.

Katika thamani ya fedha, alama zangu zinategemea nani amelipa. Kwa Marekani, fungu lake la zile dola milioni 5.75, lililorudi kama faida na kama habari, ni ununuzi ambao huenda hauna mfano. Kwa wizara iliyoagiza mashine ili siri zake zibaki zake, bidhaa ilishindwa katika kazi pekee iliyonunuliwa kuifanya, hata kama kasha halikupata kutu na fundi alifika siku ileile aliyoitwa.

Kwa mtu binafsi anayetamani kuwa na moja leo, ningependekeza M-209 kuliko toleo lolote la baadaye. Hupatikana minadani na kwa wakusanyaji. Kabla ya kulipa, geuza mkono wa kulia mara thelathini usikilize kama ngoma inakwama, hakikisha magurudumu yote sita yanatoka na kurudi bila kulazimishwa, na uangalie ndani ya kifuniko kama bisibisi na kibano chake bado vipo. Kisha andika neno lisilo na Z.